Kibuyu cha Maji Kilichokwenda Naivasha

Safari hii ililetwa na tumbo la baba. Ujanani aliwahi kunywa maji ya Ziwa Nakuru akidhani maji ni maji tu, na yaliyompata hayasimuliki mbele ya wageni. Tangu hapo aliapa kwamba hakuna binti yake atakayeolewa kando ya ziwa. Sasa dada yangu Chebet alikuwa amechumbiwa na Kibet wa Naivasha, na kutwa alikuwa akilia. Mama akachoka. "Nitaenda niyaonje maji ya huko mwenyewe," akasema. Mimi nikaambiwa nimsindikize.

Asubuhi tuliondoka kwetu Molo. Mama alijaza kibuyu kikubwa maji ya chemchemi yetu, maana hanywi maji ya watu asiowajua. Mbebaji nilikuwa mimi. Tukielekea stesheni tuliruka kijito, tukapita bwawa la mzungu ambapo ng'ombe walikuwa wakinywa na kukojoa papo hapo. Mama alisema hilo halihitaji kuonjwa, nami nilishukuru.

Nakuru tulishuka kungoja treni nyingine, tukatembea hadi ziwani. Ukingo ulikuwa mweupe kwa magadi, na heroe, wale ndege wa miguu mirefu, wamejaa wakila bila wasiwasi. Mama alichovya kidole, akalamba, akatema mbali.

"Baba yako hakudanganya," akasema. "Lakini ng'ombe wangefurahi."

Akafunga magadi kidogo kwenye leso. Nilimwonea Chebet huruma, maana ziwa la kwanza lilikuwa limempa baba haki.

Kabla ya Gilgil, Ziwa Elmenteita lilitokea dirishani, na ukingo wake mweupe vilevile. Mama aligeuza shingo. "Hilo nimeshalionja kwa macho," akasema.

Jioni tulifika Naivasha. Mama yake Kibet alitupokea kwa furaha, nasi tukatua kibuyu mlangoni. Chai ikaja. Mama alikunywa, akanywa tena.

"Maji yenu ni matamu. Kama ya kwetu kabisa."

"Si ndiyo hayo mliyotuletea, mama? Zawadi ya mgeni ningeiachaje mlangoni?"

Mama aliinua tena kikombe chake. Kwetu, ukiingia na kitu kwa watu, hicho si chako tena. Nami niliinamia kikombe changu nisije nikacheka.

Asubuhi tulipelekwa ziwani, kati ya mafunjo, huku kiboko akikoroma upande wa pili. Mama aliteka kwa kiganja, akanywa taratibu.

"Haya yanafaa," akaninong'oneza. "Lakini baba yako atasema nimehongwa kuku."

Tulipoaga, mwenyeji alileta kibuyu chetu kimejaa maji ya ziwa, kwa kuwa chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Nikabeba tena. Njia nzima nilijifunza kwamba duniani kuna maji ya kuruka, ya kupita mbali, ya ng'ombe na ya watu, na yote ni mazito yakibebwa na mtu mmoja.

Molo tulimkuta baba anangoja chai. Mama alimpa Chebet kile kibuyu, akamwambia achemshe bila maneno. Baba alikunywa, akapangusa masharubu.

"Mmejisumbua bure," akasema. "Hakuna maji kama ya chemchemi yetu."

Chebet aliacha kupuliza moto. Mama akamwongezea baba kikombe, akangoja akimalize, ndipo akamwambia.

Baba alishika tumbo, akalisikiliza kwa muda mrefu. Tumbo halikusema kitu.

"Waambie waje," akasema. "Na hicho kibuyu wapelekee, wasikirudishe kitupu."