Nane au Kumi: Darubini Nilizozijaribu Lunyo

Siku yangu ya kwanza ya kuongoza watalii wanaokuja kutazama ndege, Kiongozi Mkuu wetu pale Busia, Mzee Owor, alinivisha darubini shingoni kisha akanikataza kuitumia. "Mama Taaka, kwanza tafuta ndege kwa macho," alisema. "Ukimwona, usiondoe macho kwake. Leta darubini kwa macho, si macho kwa darubini." Nilikuwa mjane mwenye watoto watatu, nimeacha kuuza samaki mpakani, na kazi ile niliipenda tangu asubuhi hiyo.

Vijana wanaoanza sasa huniuliza darubini ipi ni bora. Huwaeleza namba kwanza. Iliyoandikwa 8x42 huvuta kitu karibu mara nane, na vioo vyake vya mbele vina upana wa milimita arobaini na mbili. Ya 10x50 huvuta mara kumi, na vioo vyake vikubwa hukusanya mwanga zaidi, ndiyo maana wapenda nyota huitafuta. Lakini ni nzito, na mkono ukitikisika, mtikisiko nao hukuzwa mara kumi.

Miaka mingi baadaye, Mzee Owor akiwa ameshastaafu, Meneja wa kampuni yetu alinikabidhi darubini mbili za bei ya juu, moja ya kila aina. Nilinganishe, niandike ripoti. Kampuni ingewanunulia waongozaji wote aina moja tu, na neno langu ndilo lingefuatwa. Nilikwenda na mwenzangu Opendi, mwenyeji wa Tororo.

Kwenye mafunjo ya Lunyo, ile ya nane ilinionyesha ndege wa kifua chekundu na utosi wa manjano, ametulia kabisa. Kwenye ile ya kumi alicheza-cheza. Jioni, karibu na mwamba wa Tororo, niliielekeza ya kumi kwenye sayari ya Mshtarii. Ikaruka huku na huku kama cheche.

"Hii ni mbovu," nilisema. "Vioo vimelegea."

Opendi akaichukua, akatazama kwa muda. "Hapana, mama. Iko sawa. Naona miezi yake minne, imejipanga." Kisha akaitazama mikono yangu. "Wewe andika tu vile unataka. Mimi sitasema kitu."

Wema wake uliniuma. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nakunywa chai nusu kikombe ili isimwagike, na sikuwa nimemwambia mtu. Kazi ile ndiyo iliyolisha nyumba yangu. Nilikaa na ripoti siku mbili, kisha nikampelekea Meneja mwenyewe.

"Nunua ya kumi," nilimwambia. "Inafaa kwa ndege na kwa nyota. Mikono yangu ndiyo haifai tena."

Akaifunga ripoti. "Ndege unawajua kwa sauti?"

"Karibu wote."

"Basi wewe utasikiliza, Opendi atashika darubini."

Tulifanya kazi hivyo mpaka nikastaafu. Hospitali ya Masafu walinipa dawa, ikapunguza kidogo kule kutetemeka. Sijawahi kujutia ripoti ile, ingawa niliiandika nikiwa na hofu nyingi.

Siku yangu ya mwisho, mgeni mmoja alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa ndege aliowaona Lunyo asubuhi ile. Mimi sikuwa nimemwona hata mmoja. Nilikuwa nimewasikia wote.