Vitanzi Viwili vya Wilbrod

Ukimwona mtu mzima amepiga goti kando ya barabara pale Tumbi, anamfunga kamba za viatu mtu asiyemjua hata jina, usimdhanie kichaa. Huyo ni Silvanus, fundi baiskeli. Watu wa Kibaha wameshamzoea. Mwaka jana alimkimbilia mwanamke aliyekaa upande kwenye bodaboda, kanga yake ikining'inia karibu na tairi. Yule mama akadhani anaporwa mkoba, akapiga yowe la mwizi. Silvanus aliponea chupuchupu, na ilibidi wateja wake watoke kumtetea. Alipoulizwa kwa nini hakupiga kelele tu kwa mbali, alisema kelele zingechelewa.

Kila Jumatano jioni hufundisha watoto kuendesha baiskeli ya gurudumu moja. Si kazi ya kumtajirisha mtu, na wazazi wengine huona ni upuuzi mtupu, lakini watoto wanampenda. Tatizo ni moja: anachelewesha. Hakuna anayepanda kabla hajakaguliwa. Suruali pana haitakiwi. Sketi haitakiwi, binti avae taiti. Upindo wa suruali unaingizwa ndani ya soksi, kisha juu yake unavishwa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Kamba za viatu zinapigwa fundo mara mbili, na vitanzi vyake vyote viwili vinasukumwa ndani ya kiatu mpaka visionekane. Akimaliza mtoto wa mwisho anarudi kwa yule wa kwanza. Watoto husonya kimyakimya. Yeye mwenyewe huvaa kandambili mwaka mzima, hata kanisani.

Wanaomfahamu tangu zamani wanajua sababu, au wanadhani wanaijua. Wanamkumbuka Wilbrod.

Silvanus na Wilbrod walikuwa wakicheza sarakasi pamoja, kwenye mahafali, harusi na sherehe za parokia. Wilbrod alikuwa mtu wa Mzenga, mrefu, mcheshi, mwenye kupenda makofi. Yeye ndiye aliyepanda ile baiskeli ndefu waliyoibatiza Twiga: gurudumu moja chini, mnyororo mrefu, pedali usawa wa kifua cha mtu, kiti juu ya kichwa. Mtu akishakaa kule juu hawezi kuinama. Akiinama, ameanguka. Kwa hiyo wawili hao walikuwa na utaratibu wao. Aliyebaki chini alikagua suruali, alivisha mipira, alifunga kamba na kuzificha. Wa juu aliuliza, "Tayari?" Wa chini akajibu, "Tayari." Baada ya hapo wa juu hakutazama tena miguu yake. Kilichokuwa chini ya magoti yake kilikuwa kazi ya mwenzake.

Siku ile walikuwa kwenye mahafali ya shule moja huko Kisarawe. Wilbrod alipanda Twiga akijishikiza kwenye pikapu, na katika kupanda, kamba ya kiatu cha kulia ikafunguka. Silvanus akaifunga. Muziki ulikuwa umeshaanza, mshereheshaji anaita jina lao kwa mara ya tatu, wageni wanapiga makofi, na Silvanus alikuwa bado hajavaa kofia yake ya maonyesho. Akafunga kitanzi huku na kitanzi kule, vikubwa, vizuri kabisa. Akavitazama. Alijua vinatakiwa viingie ndani ya kiatu.

"Tayari?" Wilbrod akauliza kutoka juu.

"Tayari."

Mzunguko wa tatu wa uwanja, kitanzi kimoja kikaingia kwenye pedali. Mguu ukakamatwa, Twiga ikasimama ghafla, na Wilbrod akarushwa mbele akaangukia sakafu ya saruji. Siku ya pili hospitalini alifumbua macho, akamwona rafiki yake, akasema, "Kamba, ndugu yangu. Sikuangalia." Ndugu wote waliozunguka kitanda walisikia. Silvanus alimshika mkono akamwambia apumzike. Siku ya nne Wilbrod akafariki.

Kwenye mazishi msemaji wa familia alisimama akawaonya vijana. Marehemu alikuwa kipenzi cha watu, alisema, ila uzembe mdogo tu wa kutokukagua kamba za viatu umemtoa roho. Silvanus alikuwa amesimama hatua tano kutoka kaburini. Alikuwa na mdomo na alikuwa na sauti. Aliinamisha kichwa, watu wakasema maskini, analia. Ni kweli alikuwa analia, lakini hilo halimtakasi.

Miaka sita imepita. Mchana yuko salama kwa sababu ya nyundo na spana na wateja wasumbufu. Taabu ni pale anapoinama kwenye kiatu cha mtoto. Akiwa na kamba mkononi husikia juu ya kichwa chake mtu anauliza, "Tayari?" Sauti si ya mtoto. Ndiyo maana hakagui mara moja, anakagua mara tatu, na ndiyo maana hajawahi kuitikia neno lile tena. Watoto wakiwa tayari, yeye hupiga makofi tu.

Na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi hupanda gari hadi Mlandizi, hununua unga, sukari na sabuni, kisha huchukua bodaboda hadi Mzenga kwa Paskalia, mjane wa Wilbrod. Mvua inyeshe, jua liwake, hajakosa hata mwezi mmoja. Majirani wa Paskalia humtolea mfano. Rafiki wa kweli ni yule, husema, wengine waliishia kwenye matanga.

Jumamosi ya Julai, Paskalia alimpokea mfuko akauweka kando ya mlango, akamkaribisha kwenye mkeka. Binti yake, Stellamaris, mwenye miaka kumi na mitatu, akaja kumwamkia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unacheka peke yako?"

"Mwambie mwenyewe," mama yake akasema.

Stellamaris akasema kwa haraka, kama anayeogopa kukatazwa katikati. Anataka kwenda Kibaha likizo ya Desemba akajifunze baiskeli ya gurudumu moja.

Silvanus akamgeukia Paskalia. "Shemeji, na wewe umekubali?"

"Nimekataa mwaka mzima," Paskalia akasema. "Lakini ana kichwa kigumu cha baba yake. Afadhali akajifunze kwako kuliko kwa mtu mwingine. Nimesikia unavyowakagua."

"Usiogope, baba mdogo," Stellamaris akadakia. "Mimi nitaangalia kamba zangu. Siwezi kuwa mzembe kama baba."

Alisema hivyo bila ubaya wowote. Ndivyo alivyofundishwa tangu akiwa na miaka saba. Silvanus alimtazama yule mtoto, na kitu alichokimeza miaka sita kikagoma kumezwa tena. Alijua akisema, mlango ule unaweza kufungwa asiuone tena maisha yake yote. Alijua pia kwamba akinyamaza, Wilbrod atabaki mzembe mpaka kwa wajukuu.

"Baba yako hakuwa mzembe," akasema. "Kamba ile nilifunga mimi."

Akaeleza yote. Pikapu, muziki, kofia, vitanzi viwili alivyoviona kwa macho yake akaviacha. Akaeleza swali la Wilbrod na jibu lake. Hakujitetea popote. Alipomaliza, kuku walikuwa wanapekua karibu na mkeka na hakuna aliyewafukuza.

Stellamaris ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo baba hakuwa mzembe?"

"Hakuwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwanangu. Aliniamini tu."

Binti akainuka akaingia ndani. Wakamsikia analia. Paskalia hakumfuata. Alikuwa anautazama ule mfuko kando ya mlango.

"Mwezi kwa mwezi," akasema taratibu. "Miaka sita. Watu wananisifia, na mimi najisifu. Nilikuwa nasema, angalau Wilbrod wangu alipendwa hivi na mtu mmoja hapa duniani." Akamgeukia. "Kumbe ulikuwa unaogopa."

"Nilimpenda, shemeji. Mungu anajua nilimpenda."

"Mungu anajua. Mimi sasa nitajuaje?"

Silvanus alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kufukuzwa, hata kwa kupigwa. Swali hili hakuwahi kulifikiria, na alipojiuliza moyoni, hata yeye hakupata jibu la hakika. Hilo lilimtisha kuliko yote.

Paskalia akasimama, akauchukua mfuko, akamrudishia mikononi.

"Mwezi ujao usilete kitu," akasema. "Ukija, njoo hivihivi nikuone. Usipokuja, nitakuwa nimejua."

Jumamosi ya mwisho wa Agosti, Silvanus alishuka Mlandizi. Muuza duka akaanza kumpimia unga kabla hajaambiwa. Silvanus akamzuia, akapita. Njiani nyuma ya bodaboda hakujua aiweke wapi mikono yake. Mara aliiweka magotini, mara alishika chuma cha nyuma. Mara mbili alitaka kumwambia dereva ageuze. Safari zote za nyuma alikuwa na kitu cha kutanguliza mlangoni. Leo hakuwa na kitu zaidi ya hamu ya kukaa kwenye nyumba ya rafiki yake, na njia nzima alikuwa anaichunguza hamu hiyo kama ni ya kweli.

"Hodi," akasema uani.

Paskalia akatokea mlangoni. Akaitazama mikono yake kwanza, kisha uso wake, akauangalia kwa muda mrefu. Hakusema karibu. Alisogea tu pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja kupita.