Kadibodi na Vyuo Viwili

Walimwita Kadibodi tangu utotoni, kwa sababu boksi la viatu halikupata kulala kwao bila kutobolewa madirisha. Sasa alikuwa binti mzima, vyuo viwili vya usanifu majengo vimemkubali, na jioni hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa kuthibitisha nafasi. Ukishika kimoja, kingine umekiaga. Anayeona hilo ni jambo dogo hajawahi kuposwa na wawili siku moja.

Alikaa mbele ya kompyuta ofisini kwa mjomba wake, mchora ramani za majengo, mkono juu ya kipanya. Mjomba alisimama nyuma yake, anahema utadhani yeye ndiye anayekwenda kusoma.

"Hiki miaka mitano, unatoka msanifu kamili," mjomba akarudia. "Hicho kingine miaka minne, halafu wanakwambia bado, katafute shahada ya uzamili kwanza. Na huko kwenye uzamili nani kakuahidi mlango? Si unaniona mimi!"

Ukoo mzima ulijua. Mjomba alisoma shahada ya kwanza ya namna hiyohiyo, akaomba ya pili, wakamkatalia. Tangu hapo anachora yeye, muhuri wa msanifu anagonga mwingine. Kwenye kona ya ramani hubaki herufi zake mbili tu, ndogo kama sisimizi. Kadibodi alimpenda sana mtu huyu aliyemfundisha kushika rula, na aliogopa kuishia palepale alipoishia yeye.

"Nataka cha miaka minne," akasema.

"Mpwa wangu, una akili timamu? Haya, nipe sababu. Moja tu!"

Sababu alikuwa nayo, ila kuisema mbele ya mjomba ndiko kulikuwa kugumu. Vyuo vyote viwili alivitembelea. Kwenye cha miaka mitano aliwakuta wanafunzi wa mwaka wa kwanza tayari wanachora kuta na mabomba, kazi safi kabisa. Kwenye cha minne, mwalimu alikuwa amewapeleka wanafunzi wake hospitalini, wakakaa kutwa nzima kutazama wagonjwa wanapita wapi na nani anamkwepa nani. Hapo Kadibodi akaikumbuka zahanati anakofanya kazi mama yake, mkunga. Aliyeichora ni mjomba.

"Usinikasirikie, mjomba."

"Sema."

"Ile zahanati ya mama. Mjamzito akishikwa na uchungu, akitaka kwenda chooni, lazima akatize ukumbi wote mbele za watu. Wengine chupa ya uzazi imeshapasuka, wanajishikilia ukutani, watu wanatazama. Mama akitoka kazini, analolalamikia ni hilo tu. Wewe hakwambii, anaogopa kukuumiza."

Maji yakimwagika hayazoleki, na haya alikuwa ameyamwaga yote.

Mjomba akavuta kiti, akaketi taratibu. "Mabomba yote niliyaweka ukuta mmoja, na vyoo vikafuata hukohuko," akasema. "Rahisi kujenga, rahisi kutengeneza. Nikasifiwa." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Hakuna aliyeniuliza huyo mjamzito atapita wapi. Na mimi sikuuliza."

"Kule wanafundishwa kuuliza, mjomba. Ndiyo maana."

"Na wakikukatalia hiyo ya pili?"

"Sijui." Akamgeukia. "Naogopa kweli. Lakini nikienda kule kwingine nitajua kuchora tu, na kuchora umeshanifundisha."

Alidhani atanyang'anywa kipanya. Mjomba akasogeza kiti karibu na skrini.

"Basi bonyeza," akasema. "Wasije wakatufungia."

Akabonyeza. Chuo cha miaka mitano kikatoweka kwenye skrini, na Kadibodi, aliyetarajia kufurahi, akaangua kilio. Mjomba akamwacha alie, kisha akamgonga begani kwa ngumi ya utani.

"Hiyo ya pili tutaipigania wote, mimi na wewe, kuanzia kesho. Safari hii hawatukatalii kirahisi." Akavuta karatasi tupu na kalamu ya risasi. "Sasa mpigie mama yako simu, unipe. Nina swali la kumuuliza."