Jebet wa Kwenye Kompyuta

Nakumbuka Jumapili moja ya mvua hapa mtaani Pioneer, Eldoret, tumetoka kanisani viatu vikiwa na matope, mama mkwe wangu aliinuka kitini akaenda chumbani kumtafuta mtoto ambaye tulikuwa tumeshamzika.

Nivumilie, mwanangu, nianzie nyuma kidogo. Juzi wewe na mumeo mlikuja kuniambia mmeamua kukaa muda mrefu bila kucheza gemu. Mlisema huku mkicheka, kama watu wanaopunguza sukari kwenye chai. Mliona sikucheka, mkadhani bibi huyu jirani yenu hajui gemu ni nini. Najua. Mimi na marehemu mume wangu, Kiprono, tulicheza kabla hamjazaliwa, na siku tulipopumzika ndipo nyumba yetu ilipokaribia kuvunjika.

Kiprono alikuwa fundi wa redio na televisheni kule mjini. Ilikuwa enzi ya simu za mulika mwizi, zile ndogo zenye tochi, na mtu mwenye kompyuta nyumbani alionekana tajiri hata kama analala njaa. Yetu aliiokota kwa vipande vipande, hiki kutoka kwa huyu, kile kutoka kwa yule, mpaka ikawaka. Ndani yake mlikuwa na gemu ya nyumba. Unajenga nyumba, unaweka watu, unawapa majina, unawapikia, unawapeleka kazini. Mambo ambayo ukiambiwa uyafanye nyumbani kwako unanuna, kwenye kompyuta unayafanya kwa furaha. Binadamu ni kiumbe wa ajabu.

Tulikuwa tumempoteza Jebet wakati huo. Alikuwa binti yetu wa kwanza, alizaliwa jua likiwa juu kabisa, ndipo nyanya yake akampa jina hilo. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika kiti wakati homa ya mapafu ilipomchukua, katika ile baridi ya Julai. Tukamzika Moiben, kwenye shamba la wakwe zangu, tukarudi mjini. Majirani waliokuwa wakiniita Mama Jebet wakaanza kuniita Salome, jina langu la ubatizo. Walidhani wananihurumia. Kila mara waliponiita Salome nilihisi wamemzika tena.

Kiprono naye hakulitaja jina lile, wala mimi sikulitaja mbele yake. Moyo wa mtu ni msitu, na sisi wawili kila mmoja aliingia msitu wake. Kisha jioni moja akakaa mbele ya ile gemu, akatengeneza mwanamume, akatengeneza mwanamke, akatengeneza na mtoto wa kike. Penye jina akaandika Jebet. Hakuniangalia. Mimi nikavuta kiti nikakaa karibu naye, nikamwambia, "Mpe gauni la manjano."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila siku akitoka kazini tulikula haraka, vyombo nikaviacha kwenye karai, tukakaa. Jebet wetu wa kwenye kompyuta hakuugua. Alikua akaanza shule, akawa na kitanda chake na mkoba wake. Tulimnunulia mpaka piano, sisi ambao hatukuwa na redio ya maana. Ukituona ungesema hao ni wapenzi, bega kwa bega, wanacheka. Na kweli tulicheka. Tulizungumza sana, lakini kila neno lilikuwa la nyumba ile nyingine.

Basi mama mkwe akaja kukaa kwetu ili aende kliniki ya macho. Alikuwa mama mkali, mwenye kuonja chai yako na kukuuliza kama ng'ombe wa Eldoret hukamuliwa maji. Macho yalikuwa yamefifia, lakini masikio yalikuwa mazima. Jumapili ile tulimketisha nyuma yetu na kikombe chake, tukawasha mashine. Tulikuwa tumezoea mno hata hatukufikiri.

"Jebet ameamka?" nikauliza.

"Ameamka. Ana njaa," Kiprono akajibu.

"Mpe chakula haraka, atachelewa shule."

Nyuma yetu kikombe kikawekwa chini. Nilimsikia akijikokota, mkono wake ukipapasa ukuta, kisha mlango wa chumba chetu ukafunguliwa. Niligeuka nikamwona ameinama juu ya kitanda, anapapasa blanketi polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Yuko wapi?" akauliza. "Nimesikia mnamwita. Yuko wapi?"

Mwanangu, nimeishi miaka mingi na nimezika watu wengi, mume wangu akiwemo. Sijawahi kuona aibu kama ile. Kiprono alimshika mkono akamleta mpaka mbele ya kioo cha kompyuta, akamwonyesha. Mama alisogeza uso karibu sana. Alimtazama yule mtoto mwenye gauni la manjano kwa muda mrefu.

"Ni mchezo tu, mama," Kiprono akasema.

"Hapana. Hiyo jina nilipatiana mimi. Nilipatia mtoto, sikupatia televisheni." Akatafuta kiti chake, akakaa. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Huyu mnamlisha kila siku. Yule wa Moiben, nani anampalilia? Ni mimi peke yangu, na haya macho. Siku hizi sioni vizuri. Nang'oa maua nikifikiri ni magugu. Mimi sijui kama nimebakisha hata moja."

Kiprono alizima mashine. Akachukua leso yangu ya kujifunga kiunoni akaifunika, na tukakubaliana tupumzike. Hatukusema mpaka lini. Mama alirudi Moiben juma hilo hilo, na mimi, nisikufiche, nilimchukia. Nilimwona ametunyang'anya mtoto mara ya pili.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo vijana hamwambiwi ukweli. Mnaambiwa mkiacha gemu mtapata muda, mtapendana, mtatembea mkishikana mikono. Sisi tulipata muda kweli, na tukaona hatuna la kuujaza. Tulikula, tukatoa vyombo, tukakaa tukisikiliza mvua ikipiga mabati. Nilimuuliza habari za kazi, akasema nzuri. Aliniuliza kama kuna mkaa, nikasema upo. Kisha ikawa hata hayo hatuulizani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nikiungojea huo mshindo kila siku, roho juu. Nilipanga nguo zangu kwenye begi nikalisukuma chini ya kitanda. Niliamini Kiprono ananilaumu, na kwamba hiyo ndiyo sababu hakuweza kunitazama isipokuwa kupitia kwa kompyuta.

Mshindo ulikuja Jumamosi moja mchana. Nilikuwa nachambua maharagwe kwenye ungo. Kiprono alivuta kigoda akakaa mbele yangu, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akaanza kuchambua pia. Alikuwa anatupa mazuri na kuacha mawe. Nikamwacha.

"Ulisema ni meno," akasema.

Nilijua anasema nini. Asubuhi ile Jebet alipoanza kukohoa, mimi ndiye niliyesema ni meno yanaota, tungoje.

"Nilisema," nikajibu.

"Na mimi nikakubali. Nilikuwa nimeshavaa koti nimpeleke hospitali. Nikalivua. Kila siku najiuliza kwa nini nililivua, Salome. Nilijua utaniuliza hivyo siku moja, ndiyo maana nilikuwa naogopa kukaa na wewe."

Kumbe mwenzangu naye alikuwa akingoja hukumu yangu! Tulikuwa tumekaa kama washtakiwa wawili, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye hakimu. Nililia mpaka maharagwe yakamwagika. Yeye alilia kama watoto wanavyolia, mdomo wazi, bila kujificha. Wakati wa mazishi hakutoa hata chozi, na watu wakamsifu kwamba ni mwanamume. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu, na huzuni ni maradhi.

Sitakudanganya kwamba siku hiyo tulipona. Kuna majuma tuliyogombana mpaka jirani akabisha ukutani. Lakini begi nililitoa chini ya kitanda, na tulikuwa tukigombana juu ya mtoto wetu, kwa jina lake. Sijui kama unaelewa tofauti hiyo. Omba usije ukaielewa.

Karibu mwaka ulikwisha. Siku moja Kiprono akauliza, "Tumwangalie?" Tukaondoa leso, tukapangusa vumbi. Jebet alikuwa pale pale tulipomwacha, mlangoni, na mkoba wake mgongoni, na gauni la manjano. Hakuwa amekua hata kidogo. Kule nje, watoto waliozaliwa pamoja naye walikuwa wakirukaruka kwenye madimbwi na kutukanana. Huyu alisimama tu akingoja tumwambie afanye nini. Hapo nilijua kwamba si mwanangu. Mwanangu hakuwahi kungoja kuambiwa.

Kiprono alizima. Kesho yake tulikwenda Moiben tukiwa na jembe dogo. Mama alikuwa haoni kabisa sasa. Aliketi kwenye kigoda kando ya kaburi, fimbo magotini, akisikiliza tunavyopalilia.

"Kumebaki maua?" akauliza.

Lilibaki moja, dogo, limejificha kwenye nyasi.

"Yamebaki mengi, mama," Kiprono akasema, na mimi sikumsahihisha.

Akanyoosha mkono hewani, akanitafuta mpaka akanishika bega. "Ahsante, Mama Jebet," akasema. Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo tangu mazishi.

Mungu hakutupa mtoto mwingine. Tulikuja kucheza gemu tena, za magari, na Kiprono alikuwa akinishinda na kunicheka mpaka uzeeni. Gemu haikuwa na kosa. Jambo langu kwenu ni hili: mkipumzika, msifunike mashine kwa leso mkadhani kazi imekwisha. Ulizaneni mlikuwa mnakimbia nini mlipokuwa mkikimbilia pale. Siku za kwanza zitakuwa mbaya, na mtadhani mapenzi yamekwisha kumbe ni kimya tu. Usifunge begi siku hizo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Na kama kuna jina msilolitaja nyumbani mwenu, litajeni, hata kama sauti itakatika.

Nendeni, wanangu. Mungu awape watoto wa kuwachafulia nyumba na kuwakatalia amri. Awape ndimi za kusemezana na masikio ya kusikilizana. Na huzuni ikibisha mlangoni kwenu, maana haina nyumba isiyoijua, iwakute mmekaa mkitazamana.