Lori la Udongo kwa Huguette Morizot

Tangu nimfahamu Huguette Morizot, kila majira ya baridi huwa namwona akipanda kilima na kikapu mgongoni. Shamba lake la mizabibu limelala kwenye mteremko mkali, na mvua ikinyesha udongo hushuka mpaka ukutani kule chini, mahali ambapo gari halifiki. Basi yeye huuzoa na kuurudisha juu, kama alivyofanya mama yake. Ni mtu mpole, tunakaa benchi moja kanisani. Lakini ole wako utoke shambani kwake bila kukung'uta viatu. Atakuita urudi! Udongo wake hautoki, hata ule wa kwenye soli.

Sasa yule mumewe, Anselme. Ni mwema, Mungu amlinde, lakini ni mtihani. Kazaliwa kwenye nyanda za ngano, kaendesha treni maisha yake yote, wakaoana uzeeni. Februari hii Huguette alikwenda kumwuguza dada yake. Anselme akauonea huruma mgongo wa mkewe, akaagiza lori la udongo wa mtoni, mweusi, mnono, likamwaga kutoka barabara ya juu. Nilimkuta anausambaza kwa reki huku anapiga mluzi.

"Anselme, umemwuliza mwenyewe?"

"Nataka kumshtua."

Alimshtua kweli. Huguette alirudi, akachota konzi moja, akanusa, akakaa chini.

"We mzee, umenifanya nini?"

"Si udongo huo, mke wangu? Una rutuba! Ona nyungunyungu huyu, mnene kama kidole."

"Sitaki nyungunyungu wanene! Mizabibu ikishiba inaota majani tu, na zabibu zinajaa maji. Divai yangu inatokana na njaa. Mizizi inahangaika, inajipenyeza mpaka kwenye mawe ya chokaa, ndiyo maana ukiinywa unasikia jiwe ulimini."

"Yaani watu wanatoa hela zao wanywe jiwe?"

"Nyamaza, Anselme."

Na mawingu yalikuwa yanakuja kutoka magharibi. Mvua ikiushika udongo ule, ungeteremka mstari kwa mstari na kuchanganyika shamba zima, na hakuna binadamu ambaye angeutenganisha tena. Basi tukazoa. Mabeleshi, reki, mikono. Mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo na kukasirika kwa wakati mmoja, Mungu anisamehe. Anselme ndiye aliyebeba kikapu kuupeleka chini kwenye bustani ya mboga.

"Mgongo wangu jamani!"

"Si ndio uujue ule uliokuwa unauonea huruma," mkewe akamjibu.

Tukakwangua mpaka ardhi yake ikaonekana tena, ile nyekundu iliyojaa vijiwe. Matone ya kwanza yalitukuta tunamalizia kwa vidole. Huguette akafanya ishara ya msalaba. Nami nikasema, ahsante Mungu, yamekwisha.

Anselme akasimama pembeni mwa shamba, akakumbuka adabu ya pale, akaanza kukung'uta viatu vyake kwa nguvu zote.

"Si huo!" Huguette akapiga kelele. "Huo ni ule mweusi! Toka nao!"

Maskini akavua viatu palepale, akavishika mkononi, akashuka na soksi kwenye mvua.

Kesho yake, mvua ilipokatika, nilimwona Huguette peke yake kule juu. Alikuwa anazikung'uta zile soksi, zilizogandamana udongo mwekundu, juu ya mstari wa kwanza.