Mnyoo wa Kijani na Meno ya Fundi Taa

Jumatano ya tarehe tatu mwezi huu wa Juni, asubuhi, umande ukiwa bado umeganda juu ya majani, alifariki hospitalini Njombe yule fundi wa taa za karabai na majiko ya pampu aliyekuwa akikaa kando ya cherehani yangu hapa Makambako. Pamoja naye imepotea chupa yake ya mwisho ya wanyama wa baharini, maana aliagiza ivunjwe na kufukiwa mbali na kisima, na ndugu yake amefanya hivyo. Siandiki habari hii kwa kuwa alikuwa rafiki yangu. Tulikaa baraza moja miaka saba, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilimshuku. Wasomaji mliozoea safu hii mnajua kwamba elimu yangu ni ya darasa la nne, na kwamba sina desturi ya kumsifu mtu kwa sababu tu amekufa.

Alikuwa Mbena kama mimi, mzaliwa wa upande wa Lupembe. Ujanani alikwenda Tanga kukata mkonge kama wenzake wengi, lakini hakudumu shambani. Alipata kazi kwa Mzungu mmoja aliyechunguza viumbe vya baharini, kwanza ya kuosha vyombo vya vioo, kisha ya kuokota konokono na minyoo maji yakipwa, na mwishowe akafundishwa kutazama katika hadubini na kuhesabu anachokiona. Mzungu alipokwenda kwao, huyu akarudi huku. Wengine waliotoka Tanga walirudi na mabati, au cherehani, au kikohozi. Yeye alirudi na sanduku lenye chupa nne zilizofungwa kwa nyuzi za mkonge, na ndani ya chupa hizo vitu ambavyo hakuna mtu wa nyanda hizi aliyewahi kuviona. Mara watu wakasema huyu ni mumiani, anatafuta damu ya watu awapelekee mabwana zake. Wengine wakasema Serikali imemtuma ajue idadi yetu. Mimi sikusema kitu, lakini nilihamisha kiti changu nikakaa mahali ninapoweza kuiona mikono yake.

Siku moja nilimuuliza Mzungu wake alikuwa akitafuta nini hasa. Akanijibu kwamba alitaka kujua ni kitu gani kinachomfanya kiumbe huyu awe dume na yule awe jike. Nikacheka. Yeye hakucheka. Alichukua vipande vya uzi kutoka mezani kwangu akavipanga viwiliviwili, akasema ndani ya mwili wa kila kiumbe mna nyuzi ndogo namna hii, Mzungu aliziita kromosomu, na juu yake mna vifundo vidogo vya urithi. Konokono jike wa kwenye mawe ya pwani, nyuzi zake zote zina wenzi. Halafu akaondoa kipande kimoja, mwenzake akabaki peke yake. "Huyu sasa ni dume," akasema. Mbegu ya dume inayobeba ule uzi huzaa jike, na isiyoubeba huzaa dume. Dereva wa lori la magome ya miti ya miwati yanayouzwa kiwandani, aliyekuwa akingoja kaptura yake, alisikia yote.

"Kumbe dume ndiye mwenye upungufu!" akapiga kelele mpaka watu wa dukani wakatoka. "Fundi Taa, na wewe umepungukiwa nyuzi ngapi?"

"Mimi sijajihesabu," akajibu, akaendelea kupuliza sindano ya taa.

"Na hivyo vifundo umeviona?" nikamuuliza.

"Vifundo hakuna aliyeviona, Fundi. Mzungu alivijua kwa kazi vinavyofanya."

Nikasema moyoni, hapa ndipo uongo unapoanzia. Tena hakukoma kwa konokono. Kesho yake alisema kwamba chaza anaweza kuwa dume mwaka huu na mwaka ujao akawa jike. Siku nyingine akaleta chupa ya yule mnyoo wa kijani, ambaye hata maji ya dawa aliyolazwa ndani yake yalikuwa yamegeuka kijani, akasema huyu hangoji nyuzi hata kidogo. Kitoto chake kikiangukia matopeni, kinakuwa jike. Kikiangukia ulimi mrefu wa jike, kinakuwa dume, kidogo kama chembe ya mtama, nacho huingia kikaishi ndani ya mwili wa jike maisha yake yote. Basi kwa swali moja mtu huyu alikuwa na majibu matatu. Mimi nilifundishwa, nyumbani na kanisani, kwamba shahidi anayebadilisha maneno hafai.

Sasa lazima niseme kilichokuwa nyumbani kwangu, maana bila hicho habari hii haina maana. Nilikuwa na binti wanne na sikuwa na mtoto wa kiume. Mke wangu, mtu wa Matembwe, alikuwa na mimba ya tano, na mama yangu alikuwa amekwisha kusema waziwazi kwamba akizaa msichana tena arudi kwao, kanisa litake lisitake. Mimi sikukubali wala sikukataa. Kimya changu mke wangu alikielewa vizuri.

Siku ile ya habari za mnyoo, mama alikuwa ameniletea chakula barazani, akasimama kusikiliza. "Kumbe basi ni mama!" akasema. "Mtoto akimgusa mama vizuri anakuwa dume. Huyu mke wako anawaangusha watoto wake matopeni."

Fundi Taa akaweka chini taa aliyoishika. "Hapana, mama. Huyo ni mnyoo. Kwa watu ni nyuzi, na uzi wa baba ndio unaoamua."

"Juzi konokono, jana chaza, leo mnyoo, na sasa baba. Mwanangu, wewe una vinywa vingapi?"

"Kimoja, mama. Viumbe ndio wengi."

Mama alipoondoka, yule bwana akaniinamia akasema kwa sauti ndogo, "Fundi, mkeo hana kosa." Maneno manne tu, na tangu siku hiyo sikulala vizuri. Kwa nini mwanamume asiye na mke amtetee mke wangu? Anamjuaje? Nilianza kutazama saa anazofunga kazi, na nikiwa nyumbani niliangalia vumbi la mlangoni kama lina nyayo za viatu.

Kumbe aliyekuwa akimwendea Fundi Taa ni mama yangu. Alikwenda mara mbili kumwomba ampe yule mnyoo awe dawa ya mkwewe, na mara zote mbili alikataliwa. Aliona amenyimwa kwa uchoyo. Kwetu, mwenye dawa akikataa mara mbili, watu husadiki kwamba dawa hiyo ni kali na inafanya kazi. Basi Jumamosi moja mchana, Fundi Taa akiwa amekwenda kutengeneza taa za kanisani, mama aliingia chumbani mwake. Chupa ilikuwa na karatasi iliyoandikwa SUMU kwa herufi kubwa, lakini mama hajui kusoma. Alimponda yule mnyoo pamoja na karanga, akampika ndani ya mboga ya majani ya maboga, akatia pilipili nyingi, akamketisha mke wangu jikoni.

Hayo niliyajua baadaye. Nilichokiona mimi nilipoingia uani ni Fundi Taa, jasho likimtoka, amemshika mke wangu mkono ndani ya jiko langu, na bakuli limepinduka chini. Sikuuliza. Nilimpiga ngumi ya mdomo, akaanguka juu ya mafiga, na alipoinuka meno mawili ya mbele hayakuwapo. Neno la kwanza alilolitoa lilikuwa, "Ameonja? Fundi, muulize kama ameonja."

"Sijaonja," mke wangu akasema. "Harufu ilinishinda." Alimjibu yeye, hakunijibu mimi, na hata hilo nililihesabu kuwa ushahidi. Nikamwambia afunge mizigo yake, kesho asubuhi anarudi Matembwe kwa baba yake. Mama alikuwa amekaa karibu na moto, akichochea kuni. Fundi Taa aliondoka ameziba mdomo kwa kofia yake. Mke wangu alifunga nguo zake katika khanga, akaketi kizingitini na tumbo lake, na kuku wakaja kudonoa ile mboga iliyomwagika.

Kabla jua halijapungua nguvu, kuku watatu walikuwa wamelala chali. Mama aliwatazama, akanyanyuka kwa shida, akasema, "Mwanangu, mwambie afungue mizigo. Ni mimi." Ndipo akaeleza yote. Fundi Taa alikuwa amerudi chumbani kufuata spana aliyoisahau, akaikuta chupa tupu juu ya meza, akakumbuka nani aliyemwomba mara mbili, akakimbia.

Jumatatu yake dereva wa magome alimuuliza meno yamekwenda wapi. "Nilianguka na baiskeli ya kuazima," akasema. Dereva akacheka, "Basi na baiskeli nayo imepungukiwa uzi!" Fundi Taa hakunitazama. Mimi nilikuwa nimeinamia cherehani, nikashona mshono uleule mara tatu. Sikumwomba msamaha siku ile, wala wiki ile, wala mwaka ule. Nilimshonea koti la kitambaa kizito, nikaliacha juu ya kigoda chake bila neno. Alilivaa, naye bila neno. Chupa zote akazivunja isipokuwa moja, ya konokono, akawa anaifungia sandukuni. Mtoto alipozaliwa alikuwa msichana wa tano, mzima. Fundi Taa alikuja kumtazama, na mama akamsalimu kwa Kibena, "Kamwene, Fundi. Na huyu naye ni nyuzi?" Akajibu, "Ni nyuzi, mama." Mama hakutaja tena habari ya kumrudisha mtu Matembwe.

Nilikwenda kumwona hospitalini wiki mbili kabla hajafa. Hata hapo nilikuwa bado na swali langu, nikamuuliza kama yale ya uzi wa baba ni kweli. "Za konokono nilizihesabu mwenyewe," akasema. "Za watu niliambiwa tu na Mzungu. Naamini alisema kweli, lakini mimi sikuziona. Siku ile nilizungumza kwa nguvu kuliko nilivyojua, kwa ajili ya mkeo." Kwa hiyo shaka yangu ilikuwa na haki mahali padogo, na yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha mahali hapo. Sijui mwongo gani angefanya hivyo.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana. Siku hizi kila anayekuja na neno jipya, la mbegu, la josho la ng'ombe, la shule ya wasichana, swali letu la kwanza ni ametumwa na nani. Si swali baya. Tumedanganywa mara nyingi, na mtu asiyeuliza huchukuliwa shamba lake akitazama. Lakini nimegundua kwamba mimi sikumshuku Fundi Taa kwa sababu majibu yake yalikuwa matatu. Nilimshuku kwa sababu nilitaka jibu moja, lenye mtu wa kulaumiwa ndani yake, na mtu huyo asiwe mimi. Mama yangu, ambaye hajui kusoma, alikiri siku ileile mbele ya kuku watatu. Mimi niliyefika darasa la nne nilikuwa bado sijakiri.

Tulimzika Ijumaa, kijijini kwao. Alikuwa amevaa lile koti. Baada ya wimbo, ndugu yake alisimama kusoma habari za maisha yake kutoka kwenye karatasi ya daftari, kama ilivyo kawaida yetu: kuzaliwa kwake, ubatizo, Tanga, Makambako. Akasoma, "Mwaka fulani alianguka na baiskeli akapoteza meno mawili." Mke wangu alikuwa upande wa wanawake, yule binti wa tano amelala mgongoni mwake. Mama alikuwa pembeni yake, ameinamisha kichwa.

Nikasema, "Hakuanguka."

Watu wakageuka. Ndugu yake akaniuliza, "Unasemaje, Fundi?"

"Hakuanguka na baiskeli. Nilimpiga mimi, nyumbani kwangu, alipokuwa akimzuia mke wangu asile sumu. Nilimdhania mabaya."

Hakunikaripia. Alitafuta penseli mfukoni, akaiweka karatasi juu ya mgongo wa mtu aliyekuwa mbele yake, akafuta ule mstari, akaniambia niseme tena polepole. Nikasema tena. Alipomaliza kuandika alinisogezea karatasi nihakikishe, nikaisoma, nikamrudishia. Kisha akakohoa, akasoma upya tangu mwanzo.