Mbwa Aliyegoma Kuondoka Korongoni

Wakuu, mbwa wetu alikuwa na tabia moja iliyonitia hofu mchana kweupe.

Kila tukifika korongoni kuchota maji, anaenda kulala juu ya mchanga, mahali palepale. Akishalala, anasogea pembeni kidogo, kama anampisha mtu.

Halafu anatikisa mkia.

Hapakuwa na mtu.

Naitwa Hilda. Kwetu ni kijiji kimoja huko Mpwapwa, naishi na mama yangu, Germana. Mbwa anaitwa Shauri Yenu. Jina hilo alipewa na kaka yangu Petro, majirani walipolalamika kwamba anabweka sana.

Niseme ukweli, maisha na yule mbwa yalikuwa matamu. Asubuhi namkwangulia ukoko wa ugali wa uwele, anautafuna macho kayafumba kwa raha. Nikipalilia, analala kwenye kivuli changu. Nikihama mstari, na yeye anahama. Njiani anakurupua kwale, anawakosa wote, halafu ananigeukia kama kosa ni langu. Nilikuwa nacheka peke yangu kama chizi.

Tatizo lilikuwa pale mchangani tu.

Akiamka pale, anaanza kuparua. Kwetu kiangazi korongo linakauka, tunachimba maji mchangani, na mbwa akiparua mahali tunajua amenusa maji. Ila upande ule maji yake ni ya chumvi, toka enzi za babu. Kwa hiyo mama alikuwa anamtupia kijiti.

"Toka huko! Chumvi hiyo!"

Halafu kwa mama, jina la Petro lilikuwa marufuku. Petro alienda Kibaigwa kubeba magunia sokoni, akaahidi kurudi Krismasi. Hakurudi. Simu haipatikani. Mpita njia mmoja akaleta umbea kwamba kaoa huko, nyumbani hataki hata kupasikia. Mama akaumia mno, na hatukumtafuta. Mtu akimwita "Mama Petro," anajibu, "Mimi ni Mama Hilda."

Miaka miwili hivyo.

Mwaka huu kiangazi kikakaza. Shimo letu likatoa tope, kisha likakauka kabisa. Jirani yetu, mzee Marko, akaja na sepeto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jamani, leo tumfuate mbwa. Chumvi si sumu, mbuzi watakunywa."

Tukachimba. Shauri Yenu hakubweka hata mara moja. Alikuwa analia kwa sauti nyembamba.

Shimo lilipofika kiunoni, sepeto ikanasa kwenye mkanda wa begi.

Nililijua lile begi. Ule mkanda nilikuwa nimeushona mwenyewe, kwa uzi mwekundu.

Chini yake alikuwepo kaka yangu. Mifupa, na shati lake.

Mzee Marko akavua kofia. "Ile mvua ya Krismasi," akasema. "Ilinyesha milimani, huku kwetu jua linawaka. Mafuriko yakashuka korongoni ghafla. Atakuwa alikuwa anavuka."

Anavuka kuja nyumbani. Ukisimama pale, mlango wetu unauona.

Nikafungua begi. Ndani mlikuwa na kiboksi kilichofungwa kwenye nailoni, na ndani ya kiboksi, miwani ya kusomea. Mama ndiye aliyemwagiza, apate kusoma kitabu cha nyimbo kanisani.

Mama akaichukua. Aliipangusa kwa upindo wa khanga, akaivaa, akainama shimoni akamtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Mbona umekonda hivi, mwanangu?"

Tulimzika Petro wiki ileile, nyuma ya nyumba. Lakini lile swali la mama bado nalisikia nikiwa shambani, jua la utosi, na jembe linanidondoka.

Wakuu, ndugu yako akikawia, mtafute kwanza. Kununa kupo tu, utanuna baadaye kama kuna sababu. Sisi tuliamini maneno ya mpita njia, na aliyekuwa akienda kumwona Petro kila siku tukamfukuza kwa vijiti.